Mzee wa Punda

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na chumba changu kimechukuliwa. Naandika nikiwa jikoni, kiwiko kimoja kwenye makombo ya mkate.

Wifi yangu alifika juzi na begi moja, mdomo umevimba upande mmoja. Mume wangu hakuuliza swali. Alibeba meza yangu ya kazi, akaisukumiza jikoni kati ya friji na ukuta, akaweka godoro pale ilipokuwa meza, akamwambia dada yake, "Hapa ni kwako, mdogo wangu. Kaa mpaka uchoke." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika taa ya mezani, waya wake unaburuza chini. Mimi sikuulizwa nitachoka lini.

Kazi yangu ni ngumu kuieleza, na majirani nimeshawazoesha jibu moja tu: naandika. Kuna michezo ya mezani ambayo watu hukaa pamoja, kila mmoja akajitungia mhusika wake, kisha wote wakaingia kwenye kisa. Msimulizi anaeleza wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na penye mashaka dadu huamua. Visa hivi huandikwa kwa watu watano au sita. Sasa niambie, watu wazima watano wenye kazi na watoto watakutana siku ipi? Ndiyo maana mhariri hunitumia kisa kinene, nami nakipunguza kiwafae wawili au watatu.

Kupunguza si kufuta. Maadui nawakata nusu, lakini milango siigusi. Kila dokezo nalificha mahali patatu, kwa kuwa macho machache huona machache. Mtego wa kuua kwa pigo moja nautoa; anayeshindwa hafi, anatekwa, ili mchezo uendelee. Nikimaliza najaribu mezani, Jumamosi mchana, kwa watu wangu mwenyewe.

Watu wangu walikuwa wanne: mume wangu, ambaye ni fundi wa friji; mfamasia wa mtaa wa pili, tunayemwita Kipimo kwa sababu hatii sukari kwenye chai bila kusawazisha kijiko kwa kidole, na mtu na mkewe waliohamia mbali mwezi jana. Leo mume wangu kasema, "Mdogo wangu naye acheze. Atasahau kidogo." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Jumapili, 3 Machi

Mafuta yamerukia ukurasa wa kwanza wa kisa kipya. Nimeufuta kwa upindo wa khanga.

Jumamosi, 9 Machi

Kisa kinahusu ngome ya chumvi iliyo katikati ya jangwa, na msafara unaokwenda kuitafuta. Mume wangu ni mwizi wa kofia, maana hawezi kuwa kitu cha maana hata kwenye mchezo. Kipimo ni mganga. Wifi nilimpa karatasi tupu, nikamwambia achague chochote. Aliinama nayo muda mrefu, kisha akaandika: mrina asali.

"Mrina asali atafanya nini jangwani?" nikamuuliza.

"Sijui, wifi. Hajawahi kutoka kwao," akasema.

Nilidhani atakaa kama gunia. Kumbe! Saa moja haikupita, mrina asali alikuwa amewafukizia moshi walinzi wa kisima, wakatoka mbio wanajipiga makofi, na mwizi wa kofia akajaza viriba bila kuguswa. Kisima kile nilikitungia mapigano. Wifi alicheka mpaka akashika mdomo, maana kidonda kilimuuma, akaendelea kucheka na mkono uko pale pale. Mume wangu alimtazama kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza.

Mimi hanitazami hivyo. Nasema kama ilivyo.

Kwa sababu wako watatu kwenye kisa cha watu watano, nimewaongezea msindikizaji. Hii ni mbinu ya kawaida: mtu wa pembeni anayesemewa na msimulizi, wa kubeba mizigo na kuongeza mkono mmoja vitani. Wangu ni kizee mwenye punda, anaongea puani, analalamikia magoti. Wamempenda papo hapo. Msindikizaji ana sheria tatu: hajui zaidi ya wachezaji, haanzi kuongea, na hamwamulii mchezaji.

Jumatatu, 11 Machi

Wifi amekunja taulo zangu kwa namna yake. Amepanga vikombe vyangu. Amefagia hata chini ya meza yangu na kuzikusanya karatasi za rasimu katika rundo moja, zimechanganyika, huku akitabasamu. Nikamwambia asante, wifi. Meno yaliniuma kwa kuyabana.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja juu ya meza yangu. Chumba kile hakivuji.

Jumamosi, 16 Machi

Leo Mzee wa Punda ameanza kuongea bila kuulizwa.

Walikuwa wamefika nyumba ya wageni. Wakala, wakalala, asubuhi mrina asali akasema angependa wakae siku moja zaidi, punda apumzike. Sikupanga. Sauti ya puani ilitoka yenyewe: "Wapo watu wakipewa mkeka wanauliza godoro liko wapi. Punda wangu amepumzika, binti. Anayetaka kupumzika ni mwingine."

Mume wangu aliangua kicheko, akapiga meza. Wifi naye alicheka. Kisha akanitazama mimi, si usoni, hapa chini kidogo, kwenye mdomo, kama anayetafuta sauti ile imetokea wapi.

Kipimo hakucheka. Alikuwa anasawazisha kijiko chake cha sukari.

Siku nzima nimekuwa na raha ya ajabu. Nimeimba nikiosha vyombo. Maneno yaliyonikaa kooni wiki mbili yametoka mbele ya watu, na watu wamefurahi.

Jumanne, 19 Machi

Tukiwa tunaanua nguo kabla mvua haijafika, wifi akaniuliza, "Wifi, hivi Mzee wa Punda ana watoto?"

"Sijamfikiria."

"Naona kama alikuwa na binti, wakakosana. Ndiyo maana ana ukali ule. Lakini si mbaya. Ni mkweli tu."

Nilimkazia macho nione kama ananichimba. Hapana. Kashika shuka yangu kifuani, anamwonea huruma mtu ambaye hayupo. Nikajiuliza huyu mwanamke ana akili ya namna gani, halafu nikakumbuka kuwa nalipwa kuwafanya watu wawe na akili hiyo.

Jumamosi, 23 Machi

Nataka kuiandika leo yote kabla sijaanza kujitetea.

Msafara ulipiga kambi. Kwenye visa vya wachache, kambi ni muhimu: watu watano hupigiana soga wenyewe, wawili watatu hukaa kimya, kwa hiyo msimulizi huwapa moto na muda, na hapo tu msindikizaji huruhusiwa kuanza, awaulize jambo moja jepesi. Mimi niliuliza, kwa sauti ya Mzee, "Haya, kila mtu aseme aliacha nini nyumbani."

Mume wangu akasema mwizi aliacha kofia kumi na moja na deni la shukrani. Kipimo akasema mganga aliacha mlango wazi. Tukacheka. Wifi akawa anaviringisha dadu mkononi.

"Mrina asali," akasema, "aliacha mizinga yake. Kulikuwa na mtu anaivunja. Si kila siku. Akishavunja analia, anaitengeneza yeye mwenyewe, vizuri kabisa, hata nyuki wanarudi. Halafu siku nyingine unasikia funguo mlangoni, na kwa jinsi zinavyolia unajua leo ni ya kuvunja."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilijua vizuri kabisa nimeshika nini. Ningemfanya Mzee anyamaze. Ningemfanya asogeze kuni. Kwenye ukurasa wangu mwenyewe nimewaandikia wasimulizi wengine: mchezaji akifungua moyo, msindikizaji asikilize.

Lakini nilimwona anavyotazamwa na mume wangu. Nikaona meza yangu, taa yangu, mlango wangu uliofungwa. Sauti ya puani ikasema, "Na wewe ulifanya nini mpaka akaivunja?"

Dadu ilimtoka Kipimo ikabingirika hadi chini ya friji. Wifi hakustuka. Alifikiri. Hilo ndilo linalonikaa kichwani, alifikiri kwa bidii, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani, kisha akasema taratibu, "Labda nilikuwa nachelewa kujibu, Mzee."

"Basi jifunze kujibu mapema," Mzee akasema, "na usiwalaumu watu kwa mizinga yako."

Mume wangu akatoa kicheko kifupi cha puani, cha kutaka kuvunja ukimya, akasema, "Huyu mzee ana mdomo mchafu! Haya, tuendelee." Tukaendelea. Kipimo alikaa hadi mwisho, akaaga kila mtu kwa mkono, na wangu akaushika kwa muda mfupi kuliko wa wengine.

Jumatatu, 25 Machi

Nilipita dukani kwa Kipimo kununua dawa ya kikohozi. Alisubiri mteja mwingine atoke.

"Jumamosi sitakuja," akasema.

"Una zamu?"

"Sina zamu. Ule si mchezo tena, dada. Unamchapa mtu kwa mkono wa kinyago."

Nikamwambia ni kisa tu, ametunga yeye mwenyewe mambo ya mizinga, na mimi kazi yangu ni kumpa mhusika wake upinzani. Akafunga dawa, akaandika vijiko viwili mara tatu, akanisukumia.

"Unajua kuandika," akasema. "Ndiyo maana inaumiza."

Mnafiki. Kama lilimkera, angesema pale pale mezani. Alikuwa na mdomo kama sisi sote.

Jumamosi, 30 Machi

Hatukucheza. Yule bwana, mume wa wifi, amekuja.

Alikuja na mwavuli mzuri, viatu vimefutwa, akasimama nje ya geti kwa adabu. Mume wangu alimzuia palepale, hakumpa hata kivuli cha baraza. Walizungumza chini kwa chini. Wifi alikuwa nyuma ya pazia la chumba kile, nimeliona pazia likitikisika.

Mimi ndiye niliyempelekea maji. "Asante, shemeji," akaniambia, akapokea kwa mikono miwili. "Najua nimekosea. Namtaka mke wangu tu." Sauti yake ni laini kuliko ya mume wangu. Nilipokuwa narudi na glasi tupu nikawaza, mbona mtu mwenyewe ni mstaarabu? Mara nikakumbuka lile pazia. Nikaliweka wazo kando, lakini sikulitupa.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mume wangu hajaziba paa. Yuko kazini asubuhi, jioni yuko na dada yake wanapiga soga za utotoni ambazo mimi sikuwepo.

Jumamosi, 6 Aprili

Mhariri anataka visa vitatu kabla mvua haijakatika, vyote vya wachezaji wawili. Nimemwambia mume wangu nahitaji chumba, kwamba siwezi kufikiri huku sufuria inachemka shingoni. Nimemwambia kwa utaratibu, bila kelele.

"Aende wapi?" akauliza.

"Sijasema aende. Nauliza mpaka lini."

"Hata miaka," akasema. "Hata miaka kumi. Wewe unaandika popote."

Wewe unaandika popote! Kama vile mimi ni kuku wa kutaga popote. Nilikaa na neno hilo mchana kutwa. Tulipokaa kucheza nilikuwa nalo bado. Wapo wawili tu sasa, mwizi na mrina asali, na Mzee wa Punda akiwa katikati yao. Mzee alilalamika juu ya chakula kinavyopungua mfukoni. Alihesabu midomo. Mume wangu alicheka kila mara. Anaipenda ile sauti; ameanza kuiiga akiwa bafuni.

Wifi hakucheka. Ila usiku wa kambi, kwenye kisa, mrina asali alimkatia Mzee nusu ya mkate wake.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimemkuta wifi jikoni hajala. Anasema ameshiba. Nikaona sahani yake imefunikwa, juu yake kijiko, imewekwa upande wa mume wangu. Jana pia ilikuwa hivyo, nilidhani bahati mbaya.

Sikumwambia ale.

Jumamosi, 13 Aprili

Njia panda. Kwenye kisa cha asili hapa watu watano hupiga kura: kuendelea hadi ngome ya chumvi au kurudi. Kwa wawili kura haina maana, wakitofautiana wamekwama. Kwa hiyo nimeandika kwamba mmoja wao, aliyebeba ramani, ndiye anayeamua. Ramani ilikuwa kwa mrina asali.

Mume wangu akasema, "Twende mbele, mdogo wangu. Tumebakiza kidogo."

Wifi akaikunja ramani ile ya karatasi niliyomchorea, akaigeukia sehemu ya meza isiyo na mtu. Nimeshamzoea, Mzee akiongea naye hanitazami mimi, anatazama pale pembeni, kwenye kiti kilichokuwa cha Kipimo.

"Mzee," akasema, "ungekuwa ni wewe? Ungeenda mbele au ungerudi ulikotoka?"

Mimi nimeandika sheria ile kwa mkono wangu, na iko kwenye kila kisa nilichowahi kupunguza: msindikizaji hamwamulii mchezaji. Akiulizwa, na arudishe swali. Nilikuwa na jibu tayari, la kuchekesha, juu ya magoti.

Nikasema, "Ngoja nikuambie, binti, maana hawa wengine wana adabu. Mbele hakuna kwako. Huko unakwenda kula cha watu, kulala pa watu, na watu watakuchekea mpaka mashavu yawaume. Ulikotoka pamevunjika, lakini ni pako. Mwenye pake hasubiri kufukuzwa. Rudi."

Mume wangu alicheka. Alikuwa anakunywa chai, ikampalia, akacheka na kukohoa pamoja, akifuta machozi. "Jamani, huyu mzee!" alisema. "Huyu mzee atatuua!"

Wifi alingoja kikohozi kiishe. "Asante, Mzee," akasema. "Wewe peke yako ndiye unayeniambia ukweli." Akaiweka ramani katikati ya meza, akaenda kuosha vikombe.

Mume wangu akaninong'oneza, "Umeona anavyochangamka? Huu mchezo umemponya."

Jumatatu, 15 Aprili

Godoro limesimamishwa ukutani. Shuka zimefuliwa, zimekunjwa kwa namna yangu, si yake. Begi halipo.

Mume wangu alipiga simu mara nyingi hadi ikapokelewa. Nilimsikia wifi, sauti ndogo: "Nimerudi kwangu, kaka. Sikufukuzwa. Niko salama. Msalimie wifi." Mume wangu alitaka kwenda kumchukua hapo hapo, akavaa viatu, akavivua, akavaa tena. Mwisho akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu mguuni, mvua inamrukia.

Mimi nimerudisha meza chumbani. Nimechomeka taa. Nimefunga mlango, na nikasikia ukimya wangu mwenyewe. Nimefurahi. Naliandika bila kulipaka rangi: nimefurahi mno.

Jumamosi, 20 Aprili

Kisa kimoja kimekwisha. Kazi inakwenda kama maji. Tumejaribu cha pili, mume wangu peke yake. Mzee wa Punda alipofungua mdomo, mume wangu akasema, "Leo mwache huyo." Nikamwacha.

Alhamisi, 25 Aprili

Wifi hapokei simu. Mtandao, nimesema.

Jumamosi, 27 Aprili

Hapokei. Mume wangu alikwenda hadi kwao. Yule bwana akamkaribisha sebuleni, akasema mkewe ana homa amelala. Hakumwona. Amerudi amelowa, hakula. Nilimpikia anachokipenda na hakuuliza hata ni nini.

Nilikaa chumbani mbele ya ukurasa mmoja mchana wote. Mlango umefungwa, hakuna kelele, na sikuandika kitu.

Jumamosi, 4 Mei

Mhariri amejibu. Amevipenda visa vyote vitatu, na kile cha ngome ya chumvi kuliko vyote. Anasema msindikizaji ameandikwa vizuri kuliko wote aliowahi kusoma. "Anaongea kama mtu wa kweli," ameandika. "Utadhani anamjua mchezaji."

Nilimsomea mume wangu ujumbe ule. Sijui nilitaka nini kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nisomee tena." Nikasoma. Akaondoka chumbani.

Jumanne, 7 Mei

Tumetoka hospitali.

Walipiga simu asubuhi. Jirani yake ndiye aliyempeleka. Mkono umevunjika, mbavu mbili, jicho moja halifunguki. Muuguzi alituambia kwamba amekataa kuandikisha maelezo polisi, na kwamba Ijumaa ataruhusiwa kama yupo wa kumpokea. Alisema hivyo akimtazama mume wangu moja kwa moja.

Wodi ilikuwa imejaa, dirisha halifungi, mvua inaingia kidogo kwenye sakafu. Mume wangu alipiga magoti kando ya kitanda. Sijawahi kumwona akipiga magoti.

"Unakuja nyumbani," akamwambia.

"Kwenu hapana, kaka."

"Kwa nini hapana? Chumba kipo. Nani kakwambia hapana?"

"Hakuna. Mmenitunza vizuri. Lakini nilikuwa nakula chenu, mnanichekea." Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Nitarudi kwangu. Naye ameshalia, atakaa vizuri miezi miwili mitatu."

Mume wangu alimsihi mpaka sauti ikamkatika. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nimeshika mfuko wa machungwa. Nikasema, "Wifi, njoo. Mimi ndiye nakuomba. Njoo nyumbani."

Jicho lake moja likanigeukia. "Wewe una adabu, wifi," akasema. Kisha, polepole, kama anayeogopa kuchekwa na wagonjwa wengine, "Mzee yupo?"

Mume wangu aliinua kichwa.

"Namuuliza yeye," akasema. "Akisema nije, nitakuja."

Mfuko ulikuwa mzito, nikauweka chini. Nilisafisha koo. Pale, mbele ya muuguzi na wodi nzima, nikatoa sauti ya puani, na ilitetemeka mwanzoni hadi ikabidi nianze upya. "Binti," nikasema, "punda wangu amekuja kukubeba. Chumba ni chako. Sahani yako ipo. Hakuna anayekuchekea. Njoo, ukae mpaka uchoke."

Alisikiliza amefumba jicho. Nilimsubiri. Naapa sijawahi kulitaka jambo lolote mezani kama nilivyotaka aseme ndiyo.

"Huyu siye," akasema. "Mzee hakuwahi kunidanganya."

Akageukia ukuta.

Ukumbini mume wangu alitembea mbele yangu hadi mlango wa nje, akasimama chini ya kibaraza. Nilianza kusema, nikamwambia ulikuwa mchezo tu, sikujua atauchukua vile, hata wewe ulikuwepo.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilicheka. Kila mara nilicheka, mke wangu."

Alilia kwa sauti mbele ya watu wa teksi. Nilinyoosha mkono nimguse, akausogeza pembeni, taratibu tu, kama mtu anavyoondoa tawi njiani.

Jumatano, 8 Mei

Nimetoa meza chumbani peke yangu. Nimetandika shuka mpya. Nimepanda juu ya ngazi nikaziba paa la jikoni kwa mikono yangu.



Ijumaa, 10 Mei

Mvua inakatika, imekuwa ya rasharasha tu. Tulifika hospitali mapema, mume wangu amekodi gari, mimi nimebeba khanga zangu mbili nzuri za kumfunika. Tulijiambia tukifika kwanza, labda.

Yule bwana alikuwa ameshafika. Ameshasaini. Alikuwa anamtoa wifi mlangoni hatua kwa hatua, mkono mmoja kiunoni mwake, mwingine umeshika ule mwavuli mzuri, wote umeegemea upande wa mkewe, yeye mwenyewe bega linalowa. Mtu asiyejua angesema, tazama mapenzi.

Mume wangu alisimama mbele yao. "Mdogo wangu," akasema. Wifi akamgusa shavu kwa mkono usiovunjika. "Kaka, usigombane naye hapa," akasema. "Nitakupigia." Mume wangu akabaki amesimama, mikono inaning'inia, na wao wakampita.

Yule bwana alimwingiza ndani ya gari, akamfunga mkanda, akafunga mlango bila kuubamiza. Kisha akazunguka, akaja hadi nilipo mimi na khanga zangu. Alinipa mkono. Niliupokea.

"Shemeji, nashukuru sana," akasema kwa ile sauti yake laini, mume wangu akiwa hatua mbili tu kutoka kwetu. "Mke wangu ameniambia kwenu kuna mzee mmoja aliyempa maneno ya hekima, ndiyo maana alirudi. Sijapata bahati ya kumwona. Tafadhali mfikishie salamu zangu."

Nikamwambia nitamfikishia.